Mtori wa Mtani

Prudensia aliposikia nimejiandikisha somo la masoko, alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mpare akafundishwe kuuza! Ninyi si ndio mnaouza ng'ombe mkashinde kesi ya kuku?"

"Ndiyo maana naenda darasani, mtani," nikamjibu. "Nataka nijue Mchaga huwa ananiibia kwa kanuni ipi."

Tulikuwa jikoni kwake Missouri City, kando ya Houston, lori langu la kazi nimeliegesha mbali kwa sababu majirani zake hawapendi kuamka na kuliona. Kicheko kilikwisha, lakini mkono wake ukabaki pale pale kiunoni. Niliuona, naye aliona kwamba nimeuona, akageuka kukoroga sufuria.

Kwa asiyejua: mimi ni Sadock, Mpare wa Usangi, yeye ni Mchaga wa Kibosho. Milima yetu inatazamana, na tangu enzi za mababu tumeachiana ruhusa ya kusemana. Mtani akija msibani kwako anaweza kulilalia kaburi akadai apewe mbuzi ndipo mazishi yaendelee, nawe huruhusiwi kununa. Nilipotua Houston mara ya kwanza, kampuni iliyoniahidi kazi ilikuwa imeshafunga milango. Nilibaki na begi moja na Kiingereza cha Usangi. Prudensia, ambaye hakunijua zaidi ya jina la ukoo na mlima, alinipa kochi lake. Kila asubuhi aliniamsha kwa maneno yale yale: "Amka, Mpare, jua la bure linapita." Maisha yamenisomesha kwa fimbo. Nimepakia magodoro, nimeosha magari ya watu, nimefungua duka la vipuri likafa kabla rangi ya ukutani haijakauka. Ila njaa haikupata nafasi ya kunifundisha, na sababu ni mwanamke huyu.

Sasa kiuno chake kilikuwa kinamshinda. Kazi yake ilikuwa katika nyumba ya wazee: kuwanyanyua, kuwageuza, kuwaogesha, huku amejifunga ule mkanda mpana wa kuzuia mgongo. Daktari alikuwa amemwambia wazi: ukiendelea kunyanyua watu, mgongo huo utakustaafisha wenyewe. Njia yake ya kutokea ilikuwa ile sufuria. Alikuwa anapika mtori, ile supu yetu ya ndizi mbichi zilizopondwa pamoja na nyama, katika jiko la kukodi lenye kibali, akaugandisha katika makopo. Mzee Lévi, Mkongo mwenye duka la vyakula vya nyumbani kusini-magharibi mwa Houston, alikuwa amempa ahadi: siku ya kuonjesha watu, akiona kwa macho yake kwamba mtori unanunuliwa, atampa upande mzima wa friza. Akiupata huo upande, anaacha kunyanyua wazee. Asipoupata, Jumatatu inamkuta na mkanda wake.

Ndiyo maana Profesa Rogers aliposema kila kikundi kitafute biashara ya kweli na kuisaidia muhula mzima, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi.

Chuo chetu ni kile cha miaka miwili, kusini ya Dallas, karibu na DeSoto ninakoishi. Darasani mimi ndiye niliyekuwa mzee. Siku ya kwanza kijana mmoja alinifuata kuniambia choo kimeziba, nikakitazame, akidhani mimi ni fundi wa chuo. Kikundi chetu kilikuwa cha watu watatu. Mogaka, Mkisii, nesi anayetaka siku moja kufungua kampuni yake ya kuhudumia wagonjwa majumbani. Whitney, binti wa Kikenya aliyeletwa Texas akiwa anatambaa. Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu Kiingereza, isipokuwa akikasirika. Hapa nitamtafsiria, maana nimekaa darasani kutosha kujua kwamba mteja hapaswi kusumbuliwa.

Tulianza kwa utafiti, kama kitabu kilivyotaka. Whitney akatengeneza dodoso la kupendeza, la kujazwa kwenye simu: ladha, bei, kopo, je, utanunua? Mogaka akalipeleka kanisani kwao baada ya ibada, mimi nikalipeleka kwenye mkutano wa Watanzania. Prudensia mwenyewe alipanda kutoka Houston, amevaa kitenge kizuri, akawa anawagawia watu vikombe vya kuonja na kuwatazama usoni wakimeza.

Majibu yalikuja kama mvua. Tamu sana. Bei nzuri. Kopo zuri. Nitanunua, nitanunua, nitanunua. Mama mmoja aliongeza mstari wa maombi.

"Nimewahi kuona wagonjwa wanaopona haraka," alisema Mogaka, "lakini biashara inayopona kabla haijaugua, hii ndiyo ya kwanza."

Tukaandika kwenye kopo, kwa ushauri wetu wa kisomi, *Chakula cha jioni cha familia nzima.* Tukachagua kopo kubwa. Tukatangaza Jumamosi ya kuonja katika magurupu yote ya WhatsApp, na watu wakajibu kwa mikono ile ya kuomba na neno *Amina.* Tukateremka na barabara kuu ya I-45 mpaka Houston, dukani kwa Lévi, nyuma ya gari la Mogaka makasha ya barafu yamepangana kama mizinga ya nyuki.

Walikuja wachache. Waliokuja walionja. Walimkumbatia Prudensia, wakamwambia mikono yake ina baraka, wakamuuliza habari za watoto. Kisha wakachukua unga wao na nyama yao ya mbuzi, wakalipa, wakaenda. Mtori ukabaki ukitutazama.

Mzee Lévi alikaa juu ya kigoda chake mpaka alasiri. Hakuwa mtu mbaya.

"Mama Prudensia," alisema, "miye siko mubaya. Lakini hii friza iko inakula umeme kila siku, na mutu wa samaki iko ananiomba nafasi ingine. Nakupa Jumamosi moja ingine, mwezi ujao. Kisha, samaki."

Prudensia akasema asante, baba, akaanza kurudisha makopo kwenye makasha. Alipoinama kunyanyua la kwanza akasimama nusu, hawezi kushuka wala kupanda. Mogaka akamshika taratibu, kama nesi anavyojua kushika. Jumatatu akarudi kazini na mkanda wake.

Njiani kurudi Dallas, tulipopita Huntsville, Whitney, aliyekuwa nyuma na kompyuta mapajani, akasema:

"Hakuna hata mmoja aliyesema hapana."

"Si ndiyo vizuri?" nikamwambia.

"Uncle, hata maji ya kunywa kuna mtu hayapendi. Watu wote wale, na hakuna hata mmoja aliyesema chumvi imezidi?"

Mogaka akacheka kidogo, cheko la mtu anayekumbuka kwao. "Whitney mdogo wangu, tulisimama nje ya kanisa, mama mwenyewe ameshika sufuria anakutazama ukimeza. Ulitaka mtu aseme nini? Hata Mkisii mwenye njaa ya ukweli angesema *tamu.*"

"Kwa hiyo walidanganya."

"Hawakudanganya. Walikuwa na adabu."

"Basi hatukufanya utafiti," Whitney akasema, na safari hii kwa Kiswahili, kwa hiyo nikajua amekasirika. "Tulisalimiwa tu."

Nitakuwa mkweli: katika muhula ule sikusikia sentensi nzuri zaidi ya hiyo, na nililipia karo kumsikiliza mtu mwingine. Tulikuwa tumechukua kipimo cha Wamarekani, ambao ukiwauliza watakwambia supu yako inafanana na maji ya kuoshea buti, tukakipeleka kwa watu waliolelewa kwamba chakula cha mama hakina kasoro mama akiwepo.

"Sasa kwa watu wenu," Whitney akauliza, "nani anaruhusiwa kusema ukweli usoni?"

Mogaka akafikiri. "Bibi mzaa baba. Lakini hana viza."

Nami nikapiga dashibodi mpaka gari likayumba. "Mtani!"

Ilibidi niwaeleze mpaka Corsicana. Whitney hakuamini kwamba kuna kabila zima lenye leseni ya kumtukana Prudensia, na kwamba leseni hiyo ilikuwa imekaa bure Texas nzima.

Prudensia naye alikuwa na shaka, ila ya aina nyingine. "Wewe kila ukija hapa unaniambia mtori wangu ni gundi ya mbao," alisema kwenye simu. "Nitajuaje safari hii unasema kweli?"

"Mtani mmoja ni mzaha. Niletee Wapare wengi. Wakiuma wote mahali pamoja, hapo ndipo penye kidonda."

"Niwaalike Wapare nyumbani kwangu? Nifunge na vijiko kwa kamba?"

Alitualika. Jumapili mchana nyumba yake ilijaa Wapare wa Houston, na wengine walitoka hata Dallas kwa raha ya kuja kumsema Mchaga bila malipo. Nikawatangazia kwamba leo adabu imeachwa mlangoni pamoja na viatu. Whitney akakaa pembeni na kompyuta yake.

Basi walimshukia.

"Hili kopo au ndoo ya rangi? Nikimaliza nipake sebule?"

"Mchaga akikuuzia kopo kubwa, ujue chini kaweka jiwe."

Mzee mmoja mwenye tumbo lililotangulia mlangoni alionja, akalipapasa lile tumbo. "Mtani, umefanya haraka. Huyu hajazaliwa bado. Mtori ungoje mwezi wake."

Nyumba ikaanguka kwa kicheko. Mwingine akadakia: "Mimi nilibeba nyumbani kikombe cha kuonja kile cha mkutanoni, mke wangu akaniuliza, *nani huko nje kakuzalia?* Nimelala kwenye kochi."

"*Chakula cha familia nzima!*" akasoma mwingine. "Kwani familia nzima imejifungua?"

Prudensia alikuwa anacheka na kujitetea kwa pamoja. "Kwetu tunakunywa hata asubuhi ya kawaida, washamba ninyi!"

"Kwenu! Kwetu sisi mtori tunauona mara moja tu, umebebwa kwenda kwa mzazi."

Hapo Whitney akainua mkono, kama yuko darasani. Akauliza kwa Kiswahili, taratibu, ili asikosee: "Samahani. Kwa nini kila mtani anaongea habari ya kuzaa?"

Watu wakamtazama. Ni swali ambalo sisi wengine hatungeweza kuuliza, kwa sababu jibu tulilijua tangu utotoni, na ndiyo maana halikuwahi kuingia kwenye dodoso letu.

Aliyemjibu ni Joyceline, mwanamke wa Mwanga anayefanya kazi ya hesabu ofisini, na aliyekuwa mkali kuliko wote mchana ule.

"Kwa sababu, mdogo wangu, mtori ni chakula cha mwanamke aliyetoka kujifungua. Mama yako anakuja, anakupikia, unakunywa mpaka unauchukia. Mimi mtu akiniona nanunua hili ndoo, kesho kanisani wananihesabia miezi." Watu wakacheka. Yeye akachukua kijiko kingine, na nilidhani analeta tusi jipya. "Mimi nilijifungulia hapa. Mama alinyimwa viza. Mume wangu alikuwa na lori, Oklahoma. Nilirudi nyumbani na mtoto, nikala mkate baridi nimesimama. Shoga zangu walikuja, Mungu awabariki, kila mmoja na pakiti ya pampasi. Nilikuwa na pampasi za kuezekea nyumba." Akameza. "Mtu angeniletea huu, ningelia."

Kisha, kwa sababu mtani hawezi kuacha huzuni ikae kitini, Joyceline akagonga kifuniko kwa kucha. "Lakini na hili kopo lako, Mchaga! Linataka watu wawili kulifungua. Mama mwenye mtoto mkononi ana mkono mmoja tu."

Whitney alikuwa anaandika kama anafukuzwa.

Wiki ile nilimfuata Profesa Rogers ofisini, nikamsimulia yote, mpaka tumbo la yule mzee. Alicheka, kisha akaniuliza swali moja tu: "Mnayemtafuta ni anayekula, au anayenunua?"

Nilirudi kwenye lori nikakaa bila kuwasha injini. Nimeuza vitu maishani mwangu, na duka zima limenifia mikononi, na hakuna aliyewahi kunipa swali lile. Mama aliyejifungua hatoki kwenda dukani kwa Lévi. Wanaotoka ni wale shoga zake wenye pampasi. Watani walitupa mlaji, profesa akatupa mnunuzi. Mpaka leo sijui ni nani kati yao nimshukuru kwanza, kwa hiyo nawashukuru wote, hata yule mwenye tumbo.

Tukafuta *familia nzima.* Whitney akachora kibandiko kipya: *Kwa Mzazi.* Makopo yakawa madogo, ya mlo mmoja, yenye kifuniko cha kuvuta kwa kidole, na tulikijaribu kwa kumpa Mogaka mto abebe kama mtoto, afungue kwa mkono uliobaki. Alimwangusha mtoto mara mbili kabla hatujapata kifuniko sahihi. Makopo yakakaa ndani ya kasha lenye mpini, kitu cha kubeba mtu anapokwenda kumtazama mzazi. Hatukutangaza kwenye magurupu makubwa. Tuliwapigia simu akina mama wanaopanga kutembelea wazazi, wa makanisani na wa misikitini, tukawaambia kuna kitu kwa Mzee Lévi, Jumamosi, zaidi ya pampasi.

Jumamosi ile Prudensia alipanga meza na vikombe vya kuonja, akasimama nyuma yake, mgongo wima kama askari. Mzee Lévi juu ya kigoda. Mlango ukafunguka, akaingia mtu wa kununua kadi ya simu. Ukafunguka tena, mtu wa mchicha. Mogaka akaanza kuimba kwa pua, jambo ambalo hufanya akiwa na hofu. Mimi sikuwa na utani hata mmoja mfukoni.

Kisha akaingia mama amevaa sare ya hospitali, ametoka shifti, funguo za gari mkononi. Hakutazama vikombe. "Ya mzazi ndiyo haya? Nipe. Wifi yangu katoka hospitali jana."

Akalipa akaondoka. Nyuma yake wakaja wawili wa msikitini, wakauliza kama nyama ni halali. Prudensia akawaonyesha alama kwenye kasha, wakachukua. Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa moja alichukua makasha kadhaa, kwa sababu, alisema, mwaka huu Bwana amewakumbuka mabinti wote kwa pamoja. Akaja kijana wa Kikongo, shati limegeuzwa nje ndani, kibandiko cha mgeni wa hospitali bado kifuani. Akamwuliza Mzee Lévi kwa Kifaransa, huku ananyoosha kidole kwenye kasha kama mtu anayezama anavyoonyesha kamba.

Prudensia akaninong'oneza, "Mtani, mbona hakuna anayeonja? Hakuna hata aliyesema ni tamu."

"Kwa sababu wananunua," nikamwambia.

Mzee Lévi aliteremka kwenye kigoda, akafungua friza, akaanza kuhamisha samaki wote upande wa kushoto, wa kulia ukabaki wazi.

Ndiyo, tulikwenda kuwasilisha darasani. Profesa alipouliza tulitumia mbinu gani ya utafiti, Whitney akajibu mbele ya watu wote, "Tulitukanwa na wataalamu." Mogaka akaeleza mambo ya mnunuzi na mlaji vizuri hata nikajiona nimesoma. Tulipewa B, kwa sababu mimi nilipitiliza muda nikisimulia habari ya lile tumbo. Sijutii. Nimewahi kupewa alama mbaya zaidi na watu wasionifundisha kitu.

Mwisho wa muhula nilikuta mtu amesimama mlangoni kwangu, DeSoto. Ni Prudensia, ameendesha mwenyewe kutoka Missouri City, na miguuni pake kasha la barafu ambalo kifuniko chake kimevunjika. Amelifunga kwa mkanda mpana, mweusi, wenye kifungo cha chuma. Niliutambua. Ni ule wa mgongo.

"Kazini hawautaki tena?" nikamwuliza.

"Mimi ndiye sikutaka. Nimeaga Ijumaa." Akasimama wima kuniruhusu nimwangalie. "Nyanyua wewe, mimi sinyanyui kitu siku hizi."

Nikanyanyua, nikaweka mezani, nikafungua mkanda. Ndani, makasha mawili ya *Kwa Mzazi.*

"Mtani, mimi mwanamume."

"Kwa jinsi ulivyoteseka na hilo somo miezi yote hiyo, kulalamika, kuvimba miguu, kuamka na kutapika Kiingereza?" akasema, anavua viatu. "Umejifungua. Kunywa mtori wako."

Nikapasha moto kopo moja, nikalifungua kwa mkono mmoja, nikaonja huku amenikazia macho kama alivyowakazia watu wa kanisani. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, kuanzia lile kochi. Lakini mtani haambiwi mambo hayo usoni. Ukimwambia, atafikiri unaumwa.

"Chumvi imezidi," nikasema.

"Asante na wewe," akasema Prudensia, akavuta kiti.